Rangi Gani kwa Kimelea Gani: Uchunguzi wa Vimelea katika Tishu za Wanyama

Tishu ya mnyama iliyokatwa kwa unene wa mikromita 4 na kuwekwa chini ya hadubini bila rangi haionyeshi karibu chochote. Misuli, ini, ubongo na mnyoo uliojificha ndani yake vyote hupitisha mwanga kwa namna inayokaribiana, na jicho halina pa kushika. Rangi ndiyo inayotenganisha. Hata hivyo rangi haimtafuti mdudu. Hushika kemikali fulani popote inapoikuta, iwe kwenye kimelea au kwenye seli za mnyama mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kufungua chupa yoyote kuna swali la kujibiwa: kimelea kinachoshukiwa kina kitu gani ambacho tishu inayokizunguka haina? Je, ni DNA iliyokusanyika katika nukta ndogo zinazotambulika? Ni akiba ya wanga? Ni ndoano au ganda linalogoma kuachia rangi hata likioshwa kwa asidi? Jibu huchagua rangi, na mara nyingi huchagua pia namna ya kuchukua sampuli, saa nyingi kabla tishu haijafika maabara.

Mpako mbichi au fomalini

Njia kuu ni mbili, na moja haiwezi kuziba pengo la nyingine. Ya kwanza ni kugusisha au kuponda tishu mbichi juu ya slaidi, kuikausha kwa hewa na kuitia rangi ya Giemsa. Seli hutandazika, na protozoa (vimelea wa seli moja) wa mikromita 2 huonekana kwa undani ambao mkato wa nta haufikii, kwa sababu fomalini, alkoholi na nta hunyausha kila kitu. Ya pili ni kuhifadhi kipande kwa fomalini, kukizamisha katika nta ya parafini, kukikata na kukitia rangi. Hapo undani wa seli mojamoja hupungua, lakini mahusiano hubaki: kimelea kiko ndani ya seli ipi, kimepangana vipi, na tishu imekijibu kwa kuvimba au imekaa kimya.

Theileria na Babesia, protozoa wanaoenezwa na kupe, ni wa mpako. Minyoo, mabuu ya tegu, vifuko vya Toxoplasma, Neospora na Sarcocystis, protozoa wanaojifungia kwenye tishu, ni wa mkato. Anayetumbukiza kila kitu kwenye fomalini amekwisha kujinyima nusu ya majibu, na hakuna rangi itakayomrudishia. Utaratibu ulio salama ni kutengeneza mipako kwanza, kisha kuweka vipande kwenye fomalini, na kipande kimoja kuwekwa kwenye baridi kali bila kihifadhi kwa ajili ya vipimo vya DNA.

Jambo moja huharibu kazi nyingi bila mtu kujua: mvuke wa fomalini. Mpako ambao haujashikishwa kwa methanoli, yaani seli zake hazijagandishwa zilivyo, ukisafirishwa ndani ya kasha moja na kopo la fomalini, mvuke huishika seli kabla ya wakati. Giemsa ikimwagwa juu yake, slaidi nzima hugeuka buluu ya kijani yenye ukungu, viini havitengani na saitoplazimu, na hakuna namna ya kuirekebisha. Mipako ikae kwenye kasha lake, mbali na fomalini, na ikiwezekana ishikishwe kwa methanoli hapohapo ilipotengenezwa.

Giemsa kwenye mipako

Mwaka 1891 Dmitri Romanowsky alieleza jinsi mchanganyiko wa buluu ya methilini na eosini unavyotoa zambarau ambayo hakuna kati ya hizo mbili inayoitoa peke yake. Mwaka 1904 Gustav Giemsa, mkemia aliyefanya kazi Hamburg, akautuliza mchanganyiko huo kwa gliserini na methanoli ili usiharibike haraka. Kanuni yake bado ndiyo inayotumika. Azuri, inayotokana na buluu ya methilini iliyooksidishwa, ina chaji chanya na hukimbilia DNA na RNA. Eosini ina chaji hasi na hukimbilia protini zenye chaji chanya, kama hemoglobini. Pale azuri na eosini zinapokutana juu ya DNA hutokea wekundu wa zambarau. Ndiyo maana kimelea cha protozoa huonekana kikiwa na kiini chekundu cha zambarau ndani ya saitoplazimu ya buluu.

Rangi ya akiba hutengenezwa kwa gramu 3.8 za unga wa Giemsa, mililita 250 za gliserini na mililita 250 za methanoli isiyo na asetoni. Hutikiswa pamoja na gololi za kioo mara kadhaa kwa siku, kwa siku kadhaa, katika chupa ya rangi ya kahawia. Tone la maji likiingia ndani ya chupa hiyo, rangi huanza kuganda na kupoteza nguvu. Pipeti yenye unyevu isiguse akiba kamwe.

Kwa tezi ya limfu, tuseme ng'ombe anashukiwa kuwa na ndigana kali, kata tezi ikiwa mbichi na ubonyeze sehemu iliyokatwa kwenye karatasi ya kuchujia mpaka damu ipungue na uso uanze kunata. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayoamua. Damu ikibaki, slaidi hujaa seli nyekundu na limfosaiti (seli nyeupe za kinga) zenye kimelea hupotea katikati yake. Kisha gusa slaidi safi kwa upole mara nne au tano, bila kuburuta. Kuburuta hupasua limfosaiti na kuacha michirizi ya viini. Kausha haraka kwa kupungia hewa. Mpako uliokauka polepole huwa na seli zilizojikunyata. Schizonti za Theileria, hatua ya kimelea yenye viini vingi, huonekana kama kipande cha saitoplazimu ya buluu chenye nukta nyingi nyekundu za zambarau, ndani ya limfosaiti au nje yake kama seli imepasuka. Kinachowachanganya wanaoanza ni vijisehemu vya saitoplazimu vilivyomeguka kutoka limfosaiti changa: ni vya buluu vilevile, lakini havina nukta za kromatini. Visahani vya damu navyo vina chembechembe za zambarau, lakini havina saitoplazimu ya buluu iliyokolea.

Ubongo huchukuliwa kwa namna nyingine. Kipande cha tabaka la kijivu chenye ukubwa wa kichwa cha kiberiti huwekwa kwenye mwisho mmoja wa slaidi, hubonyezwa kwa slaidi ya pili mpaka kilainike, kisha slaidi ya juu huburutwa kwa kuinuliwa kidogo kila baada ya sentimita moja. Kule kuinua huacha matuta manene, na kwenye ukingo wa matuta hayo ndiko kapilari zinakolala zikiwa zimenyooka. Babesia bovis hujikusanya katika kapilari hizo hata damu ya mshipa wa shingo inapoonyesha vimelea wachache mno. Mpako huohuo hutumika kutafuta Ehrlichia ruminantium wa ugonjwa wa maji moyo. Huyo ni bakteria, lakini huonekana kama kundi la nukta za zambarau ndani ya seli za ukuta wa kapilari, na anayetafuta kimoja lazima amjue mwenzake.

Upakaji wenyewe hauna ugumu. Shikisha kwa methanoli dakika 3. Changanya Giemsa asilimia 10 kwa maji ya bafa ya pH 7.2, yaani mililita 1 ya akiba kwa mililita 9 za bafa, na uichanganye wakati uleule wa kuitumia. Baada ya saa moja hivi mchanganyiko huwa umeanza kuacha mashapo. Funika slaidi kwa dakika 30. Mwisho usiimwage rangi kwa kuinamisha slaidi, kwa sababu utando unaong'aa juu ya rangi utashuka na kulala kwenye mpako kama vumbi la zambarau. Mimina bafa juu yake polepole mpaka utando uelee na kutoka, kisha simamisha slaidi ikauke.

pH ndiyo usukani. Ikishuka kuelekea 6.4, eosini hushinda, slaidi huwa nyekundu na viini vya vimelea hupauka. Ikipanda kupita 7.4, kila kitu huwa buluu na zambarau ya kromatini huzama ndani yake. Maji ya bomba au maji yaliyochemshwa hayana pH inayotabirika, na ndiyo chanzo cha slaidi zinazobadilika kutoka wiki moja hadi nyingine ilhali mpakaji anadhani hajabadilisha kitu. Kosa lingine linalofanana na kimelea ni methanoli iliyonyonya unyevu: seli nyekundu hupata mashimo madogo yanayong'aa. Cheza na skrubu ya fokasi. Shimo hung'aa na kugeuka jeusi, kimelea hubaki na rangi yake.

Fomalini iliyo sawa

Fomalini inayofaa ni asilimia 10 yenye bafa: mililita 100 za fomaldehaidi ya asilimia 37 hadi 40, mililita 900 za maji, gramu 4 za sodiamu dihidrojeni fosfeti monohidreti na gramu 6.5 za disodiamu hidrojeni fosfeti isiyo na maji. Kipande kisizidi unene wa milimita 5, na fomalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa tishu. Fomalini hupenya polepole, na kitovu cha kipande kinene huoza huku ukingo ukiwa umehifadhika vizuri. Saa 24 hadi 48 zinatosha kwa vipande vingi. Matumbo yanadai haraka kuliko kiungo chochote: ngozi ya ndani ya utumbo huanza kubanduka muda mfupi sana baada ya kifo, na koksidia pamoja na Cryptosporidium, protozoa wa utumbo, hubanduka nayo. Utumbo ufunguliwe, ulazwe juu ya kadibodi na kuzamishwa papo hapo. Ukikaa umefungwa, fomalini haifiki ndani kwa wakati.

Kwa nini bafa? Kwa sababu fomalini isiyo na bafa hugeuka tindikali, na tindikali ikikutana na hemoglobini hutengeneza chembe za kahawia nyeusi zinazoitwa pigmenti ya fomalini. Katika wengu na ini lenye damu nyingi, chembe hizo zinafanana vibaya na hemozoini, uchafu ambao Plasmodium na Haemoproteus huacha baada ya kula hemoglobini ya ndege. Zote mbili hung'aa chini ya mwanga uliopolarishwa. Pigmenti ya fomalini hutawanyika ovyo na mara nyingi hulala juu kidogo ya tishu, wakati hemozoini hukaa ndani ya kimelea au ndani ya makrofaji, seli za kinga zinazomeza uchafu. Kuloweka mkato katika alkoholi iliyojazwa asidi ya pikriki huondoa ile ya fomalini mapema. Hemozoini huchelewa sana kuondoka. Asidi ya pikriki ikikauka huweza kulipuka, kwa hiyo itunzwe ikiwa na unyevu daima.

Tindikali ina dhara la pili, kubwa zaidi kwa anayetafuta tegu. Mwili wa tegu na wa mabuu yake umejaa chembe ndogo za chokaa, za duara, zenye tabaka, ambazo hematoksilini huzipaka buluu. Hazimo katika minyoo bapa ya ini wala katika minyoo ya duara. Buu likifa na kuoza ndani ya misuli, chembe hizo huweza kuwa ndicho kitambulisho pekee kilichobaki. Kidonda kikiwa kigumu, mtu hushawishika kulainisha bloku kwa asidi ya fomiki ili kisu cha mikrotomu kisivunjike. Kufanya hivyo ni kuyeyusha ushahidi. Kata kwanza mikato michache hata ikiwa imechanika, ipake rangi, ndipo ufikirie kuondoa chokaa.

Hematoksilini na eosini

Hii ndiyo rangi ya kwanza kwa kila mkato. Hematoksilini hutoka kwenye mti wa Haematoxylum campechianum. Ikioksidishwa huwa hemateini, na ikifungwa na alumu hushika DNA kwa buluu. Eosini hupaka protini nyekundu ya waridi. Baada ya kuondoa nta kwa zaileni na kushuka kwenye alkoholi hadi maji, mkato hukaa kwenye hematoksilini ya Harris dakika 5 hadi 10, hutumbukizwa sekunde chache kwenye alkoholi ya asilimia 70 yenye asidi ya hidrokloriki asilimia 1, huoshwa kwa maji ya bomba mpaka urudi buluu, kisha huwekwa eosini asilimia 1 kwa dakika 1 hadi 3. Hupandishwa kwenye alkoholi kali, zaileni, na kufunikwa.

Mpakaji anayetafuta vimelea asione haya kukaza hematoksilini kidogo kuliko kawaida. Mkato uliopunguzwa rangi mno kwenye asidi ni mzuri kwa picha, lakini takizoiti za Toxoplasma, hatua yake inayozaana haraka, zenye urefu wa mikromita 6 hivi, hupauka na kuonekana kama mabaki ya viini vilivyokufa. Hematoksilini ijaribiwe kila siku: tone moja kwenye maji ya bomba ligeuke buluu ya zambarau mara moja. Likibaki jekundu au kahawia, rangi imekufa. Utando wa kimetali unaotanda juu uchujwe kila asubuhi, la sivyo hujibandika kwenye slaidi kama madoa meusi.

Kwa minyoo, rangi hii inatosha karibu kila mara, kwa sababu utambuzi unategemea umbile. Mnyoo wa duara una ngozi ngumu isiyo na seli, uwazi wa mwili, na utumbo unaoelea ndani ya uwazi huo. Mnyoo bapa wa ini hana uwazi. Nafasi imejaa tishu laini, na utumbo wake hauna tundu la kutokea. Tegu hana utumbo kabisa. Maswali hayo mawili, kuna uwazi wa mwili na kuna utumbo, huondoa makosa mengi kabla mtu hajaanza kubahatisha majina.

Mnyoo mzima ukipatikana, usikatwe. Mnyoo bapa au kipande cha tegu hulegezwa kwenye maji ya chumvi, hubanwa kidogo kati ya slaidi mbili, hushikishwa kwa alkoholi na kupakwa karmini ya asidi usiku kucha, kisha rangi hupunguzwa kwa alkoholi yenye asidi kidogo. Minyoo ya duara haipokei rangi kwa urahisi kwa sababu ya ngozi yake. Hung'arishwa kwa laktofenoli na kusomwa hivyo.

Kitu kingine ambacho hematoksilini na eosini hutoa bila gharama ya ziada ni alama za njia. Eosinofili (seli nyeupe zenye chembe nyekundu) wengi wakiwa wamezunguka handaki la tishu iliyokufa, mnyoo amepita hapo hata kama hayumo kwenye mkato huo. Jibu ni kurudi kwenye bloku na kukata ngazi: mkato mmoja kila baada ya mikromita 50 hadi 100. Kupaka rangi nyingine juu ya mkato ambao hauna kimelea ni kupoteza kemikali.

Rangi zinazouliza swali moja

PAS, kifupi cha asidi ya periodiki na Schiff, huuliza: kuna wanga hapa? Asidi ya periodiki ya asilimia 0.5 hufungua pete za sukari na kuacha aldehaidi. Kitendanishi cha Schiff hushika aldehaidi hizo na kugeuka wekundu wa zambarau. Dakika 5 hadi 10 kwenye asidi, suuza, dakika 15 kwenye Schiff, kisha dakika 10 kwenye maji yanayotiririka, ambapo rangi hukolea. Bradizoiti za Toxoplasma na Sarcocystis, hatua ya polepole iliyo ndani ya vifuko, zina akiba ya wanga na hung'aa nyekundu. Takizoiti zina kidogo sana. Kwa hiyo PAS husaidia kutenganisha kifuko cha muda mrefu na kundi la takizoiti lililojaa ndani ya seli, jambo lenye uzito unapoamua kama maambukizi yako hai au ni ya zamani. Tabaka la nje lisilo na seli la kifuko cha Echinococcus, buu la tegu, hushika PAS kwa nguvu kubwa. Hata kifuko kikiwa kikavu, bila kichwa kimoja cha tegu ndani yake, vipande vya tabaka hilo vinatosha kutoa jina.

Tatizo ni kwamba ini na misuli ya mnyama vina glaikojeni yao wenyewe. Slaidi dada iliyotibiwa kwa diastasi, kimeng'enya cha kumeng'enya glaikojeni, kwenye nyuzi 37 kabla ya PAS hupoteza glaikojeni hiyo, lakini tabaka la Echinococcus hubaki jekundu kwa sababu limejengwa kwa wanga wa aina ya ute. Schiff iliyochakaa hugunduliwa kwa tone moja la fomalini: ikiwa nzima hugeuka magenta papo hapo, ikiwa imechoka hukawia na kutoa buluu ya zambarau. Na tishu iliyohifadhiwa kwa glutaraldehaidi isipakwe PAS bila kuziba aldehaidi zake kwanza. Slaidi nzima itakuwa nyekundu.

Ziehl-Neelsen huuliza: nani anagoma kuachia rangi? Fuksini ya kaboli hutengenezwa kwa gramu 1 ya fuksini ya besi katika mililita 10 za ethanoli, pamoja na gramu 5 za fenoli na mililita 100 za maji. Asidi na alkoholi huivua kutoka kwenye tishu, lakini ndoano za Echinococcus huing'ang'ania na kubaki nyekundu juu ya buluu ya methilini. Katika usaha wa kifuko kilichooza ndoano chache tu zinatosha, na kwa hematoksilini na eosini hazipokei rangi, hung'aa tu. Ganda la yai la Schistosoma mansoni, mnyoo wa kichocho, pia hubaki jekundu; la S. haematobium kwa kawaida haliwi jekundu. Kwa Cryptosporidium, nguvu ya rangi hii iko kwenye mpako wa kinyesi, ambako oosisti za mikromita 4 hadi 6 hujitokeza nyekundu. Ndani ya mkato wa utumbo haitegemeki. Huko, hematoksilini na eosini huonyesha vimelea kama shanga za buluu zilizojipanga kwenye ukingo wa seli.

Gram, ambayo wengi huiacha kwa wataalamu wa bakteria, ina kazi moja isiyo na mbadala rahisi: Encephalitozoon cuniculi, kimelea kidogo chenye spora, kwenye ubongo na figo za sungura. Spora zake, zenye urefu wa mikromita 2.5 hivi, hupokea hematoksilini vibaya na huchanganywa na Toxoplasma. Zikipakwa Gram ya mikato huwa buluu ya zambarau iliyokolea. Toxoplasma haifanyi hivyo.

Giemsa nayo hutumika kwenye mikato, ila kwa subira: sehemu 1 kwa 49 za bafa ya pH 6.8, usiku kucha, kisha asidi ya asetiki ya asilimia 0.5 kwa sekunde chache mpaka buluu ilainike kuwa waridi. Alkoholi huvua buluu haraka, kwa hiyo kausha mkato kwa karatasi na upitie alkoholi kali kwa mkono mwepesi kabla ya zaileni.

Wanaofanana

Leishmania, protozoa wa ndani ya seli, kwenye makrofaji za mbwa hufanana na chachu ya Histoplasma, ambayo ni kuvu: zote ni za mikromita 2 hadi 4, zote hujaa ndani ya seli moja. Tafuta kinetoplasti, kijiti kidogo kando ya kiini. Kikionekana ni Leishmania au jamaa yake Trypanosoma cruzi. Kisipoonekana kwa uhakika, paka PAS au fedha ya Grocott, rangi ya kuvu: ukuta wa kuvu hushika rangi, Leishmania haina ukuta huo. Slaidi moja humaliza ubishi.

Toxoplasma, Neospora na Sarcocystis ni kazi ngumu zaidi. Kifuko cha Sarcocystis kwenye misuli mara nyingi kina kuta za ndani zinazokigawa vyumba, na metrosaiti (seli changa za kimelea) zenye kupauka pembezoni. Kifuko cha Neospora kwenye ubongo kinaweza kuwa na ukuta wa hadi mikromita 4, cha Toxoplasma kina ukuta mwembamba usiofika mikromita 1. Vifuko hivyo vikikosekana na zikabaki takizoiti tu, kama ilivyo kawaida kwa kijusi kilichoharibika mimba, hakuna rangi ya kemikali itakayozitenganisha. Hapo ndipo kingamwili huingia.

Kingamwili iliyofungwa kimeng'enya hushika protini ya kimelea kimoja na kuacha alama ya rangi. Mkato huchemshwa kwenye sitreti ya pH 6.0, karibu na nyuzi 95, dakika 20, ili kufungua protini zilizofungwa na fomalini. Kisha peroksidi ya hidrojeni asilimia 3 huzima kimeng'enya cha tishu yenyewe, ambacho ni kingi kwenye ini na wengu. Hatua hii ikirukwa, seli nyekundu zote zitaonekana kama zimeambukizwa. Kingamwili za poliklono, yaani mchanganyiko wa kingamwili nyingi, zinaweza kushika Toxoplasma na Neospora pamoja, kwa hiyo tishu inayojulikana kuwa na kimelea cha pili ipakwe sambamba ili kuona kama rangi inavuka mpaka. Na kwenye kiungo chenye pigmenti nyingi ya chuma, chagua alama nyekundu badala ya kahawia.

Tishu za mimba zilizoharibika zishughulikiwe kwa glavu, na wajawazito wasizishike. Fomaldehaidi husababisha saratani. Fomalini na zaileni vitumike penye kivuta hewa.

Kiasi cha tishu kilicho kwenye slaidi

Mkato wa milimita 20 kwa 15, wenye unene wa mikromita 4, una uzito wa miligramu 1.3 hivi. Kuchunguza gramu moja ya misuli kungehitaji karibu mikato 800. Ndiyo maana Trichinella, mnyoo wa misuli, kwenye nyama ya nguruwe hatafutwi kwa rangi. Njia ya rejea ni kuyeyusha gramu 100 za misuli, gramu 1 kutoka kwa kila nguruwe, katika lita 2 za maji ya nyuzi 46 hadi 48 yenye mililita 16 za asidi ya hidrokloriki ya asilimia 25 na gramu 10 za pepsini, kwa dakika 30, kisha kuchuja na kutafuta mabuu chini ya hadubini. Asidi huingia kwanza, pepsini baadaye.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni Sarcocystis. Moyo wa ng'ombe mwenye afya kamili mara nyingi una vifuko vyake, na kuvikuta hakuelezi kifo. Angalia tishu inayozunguka: kama misuli imetulia na hakuna seli za uvimbe, kimelea kiandikwe kama kilichoonekana tu, si kama sababu.

Majibu yaandikwe kwa kipimo chake. "Hakuna vimelea walioonekana katika mikato 6 ya ubongo, hematoksilini na eosini pamoja na PAS" ni kauli inayoweza kutetewa; "mnyama hana Toxoplasma" haiwezi. Kila kundi la slaidi liende na slaidi ya udhibiti yenye kimelea kinachojulikana, iliyohifadhiwa kwa fomalini ileile na muda uleule, kwa sababu udhibiti uliotayarishwa vizuri kuliko sampuli huthibitisha rangi tu. Bloku za nta zitunzwe, zikiwa na lebo ya aina ya mnyama, kiungo, saa ya kifo na saa ya kuingia fomalini. Mikato iliyokwisha kukatwa na kuachwa bila rangi hupoteza uwezo wa kushika kingamwili kadiri inavyokaa, kwa hiyo swali jipya likija baada ya miezi, kata upya kutoka kwenye bloku.